Rael Nakhumicha Were, Aliyeishi kwa Nyimbo za Filamu, 1961–2025

Wachungaji, wazee wa kamati, majirani zetu wa Uthiru, na jamaa mliotoka Kimilili kuja kumchukua mtu wenu, mimi ni Maurine, kifungua mimba wa marehemu. Karatasi mliyogawiwa mlangoni iliandikwa na kamati, na Mzee Musili, mwenyekiti wetu, ameniomba niisome kama ilivyo. Nitafuata tarehe zake zote, ila kuna mahali itanibidi niiache, naye atanisamehe.

Mama yetu, Rael Nakhumicha, alizaliwa tarehe 19 Machi mwaka wa 1961, karibu na Kimilili, mtoto wa tatu kati ya saba, na jina la Nakhumicha alipewa kwa kuwa nyanya yetu Namalwa alishikwa na uchungu akiwa shambani, msimu wa kupanda. Alianza shule ya msingi Januari mwaka wa 1968, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1974, akaendelea hadi kidato cha pili, akaachia hapo nyanya alipougua na kukosa wa kumwangalia. Aliondoka shuleni na hati nzuri ya mkono, kila neno limekamilika, kila nukta mahali pake, na mtu akisoma alichoandika Mama alikiamini bila kuuliza.

Alikuja Nairobi mwaka wa 1979, akakaa na shangazi yake hapa Uthiru, na tarehe 2 Februari mwaka wa 1981 akaajiriwa katika duka la kanda za nyimbo na filamu la Mzee Chunilal, mtaa wa Biashara, katikati ya jiji. Kazi yake ilikuwa kupanguza vumbi, kupanga kanda, na kumchezea mteja wimbo kidogo kabla hajanunua, kwa hivyo kutwa nzima alisikiliza nyimbo za filamu za Kihindi ambazo hakuelewa hata neno. Wengine wangechoka, lakini Mama alimwendea mwajiri wake na kumuuliza wimbo huu unasemaje, naye Mzee Chunilal, akiwa na kalamu sikioni, akamweleza kwa Kiswahili chake, mnakijua Kiswahili kile, vitenzi havina vichwa: huyu bwana nasema, leo mimi lia, kesho vaa shati mpya. Mama alikwenda nyuma ya kaunta, akayanyoosha maneno yale, akayaandika kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha akashinda na wimbo mmoja siku nzima, akiutafakari hata jioni akiwa anamenya viazi.

Tarehe 15 Desemba mwaka wa 1984 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Josephat Were, fundi wa mbao, katika kanisa la Friends kule Kimilili, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi tarehe 23 Mei mwaka wa 1986, na ndugu yangu Fidel tarehe 7 Oktoba mwaka wa 1990. Baba alipokatwa vidole viwili na msumeno mwaka wa 1994, akakaa nyumbani amenuna hataki kuongea na mtu, Mama alimsomea wimbo wa kipofu anayemwambia mkewe amchagulie shati, naye ataamini ni jeupe, na baba alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akarudi kwenye randa yake. Sisemi kwamba nyimbo hazikumkosesha. Mwaka wa 1998 aliwafundisha akina mama wa kanisa hili wimbo wa kumwingiza bibi harusi, wakauimba kwa madaha, na Ishita, binti ya Mzee Chunilal, aliyekuwa mwalikwa, akacheka hadi akatoka nje, kwa maana ulikuwa wimbo wa mlevi anayetafuta kiatu chake.

Baba alituacha tarehe 2 Agosti mwaka wa 2004. Duka lilifungwa mwaka wa 2006, watu walipoacha kununua kanda, na Mama akahamishia kazi yake Parklands, kuwapikia Mzee Chunilal na mkewe na kurudi Uthiru jioni, akaendelea na daftari lake vilevile, hadi Mzee alipofariki mwaka wa 2016.

Hapa naiacha karatasi. Tarehe 9 Juni mwaka wa 2013, Jumapili mchana, nilikuja kwa Mama hapa Uthiru na begi moja, nimeachana na mume wangu, Kitavi, baada ya mambo ambayo sitayataja mbele ya jeneza. Mama alinikaribisha chai, akafungua daftari, akanisomea wimbo wa harusi unaosema kwamba binti akishatoka, nyumba yake ni ile nyingine. Nilimwambia, "Mathe, mi sitaki wimbo, nataka tu pa kulala." Hakunifukuza, nataka mjue hivyo, alikuwa akitafuta la kusema na daftari ndilo lililokuwa karibu, lakini nilibeba begi nikaondoka, nikapata kazi ya kupika katika shule ya chekechea kule Kitisuru, mwendo ambao mtu wa miguu anaumaliza asubuhi moja.

Fidel alijua nilipo, na kila alipokuja nilimuuliza kama Mama ananiita, naye alinijibu kwa uaminifu: "Hajasema akuite. Anasema utarudi tu." Utarudi tu. Nilisikia majivuno, nilisikia mtu anayengoja nishindwe na maisha, nikaapa kwamba bila kuitwa siendi, na miaka ikapita, karibu kumi na miwili.

Novemba mwaka jana Mama alipooza upande wa kulia, akalazwa hospitalini kule Parklands, na ugonjwa ukamchukua Jumanne tarehe 11 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi. Kamati imeandika kwamba alifariki akiwa amezungukwa na watoto wake. Alizungukwa na Fidel. Mimi nilikuwa Kitisuru nikikata vitunguu, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza tena kama ameniita, na jibu lilikuwa lile lile.

Ijumaa iliyopita nilimpelekea Ishita daftari ili tuchague wimbo wa leo, na kwenye ukurasa wa tarehe 10 Juni mwaka wa 2013, kesho yake baada ya mimi kuondoka, Mama alikuwa ameandika, chini ya jina la wimbo, maneno mawili, Mtoto atarudi, akayapigia mstari. Ishita aliutafuta wimbo wenyewe kwenye simu, akausikiliza, akaniangalia. "Maurine, si atarudi," aliniambia. "Huyo mama ametoka barabarani bila viatu, anamwita mtoto wake, rudi, rudi. Baba yangu lazima alimwambia tu, huyu mama nasema, mtoto rudi." Na Mama, kwa hati yake nzuri, akakinyoosha kile kitenzi kisicho na kichwa, akakipa kichwa kisicho chake, akakaa kitako kunisubiri. Jirani yetu Selpher ameniambia kwamba kila Jumamosi Mama alitoa godoro langu akalianika juani. Nina hasira na wimbo ule, nina hasira na Mzee Chunilal ambaye hakukosea kitu, na zaidi nina hasira nami, maana mimi Kiswahili nakijua, na neno la kumwambia Mama nilikuwa nalo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi minne bila kuchoka, akina mama wa kanisa mliompikia uji, Selpher uliyemwogesha mikono yake iliposhindwa, Ishita na jamaa zako mliofunga kazi leo kuwa nasi, wafanyakazi wenzangu wa Kitisuru mliokuja kumuaga mtu ambaye sikuwahi kuwatajia, na Fidel, uliyebeba maneno kati yetu bila kuongeza wala kupunguza.

Mama, ungeniita hata kwa kukohoa tu, ningekuja. Pumzika sasa, na amani niliyokunyima uipate huko.