Mashine ya Mama Dobi Ilivyoondoka

Benchi letu lina miguu mitano. Wa tano tuliuongeza baada ya Bondia kuanza kukalia upande wa kulia. Limeegemea ukuta wa duka la vioo, na mbele yake, hatua kumi na mbili ukivuka barabara, kuna chumba cha kufulia cha Mama Dobi. Tunaokaa hapa ni Fundi Saa na kimeza chake, Profesa, ambaye alikuwa karani wa maktaba na sasa kazi yake ni kusikiliza redio, Bondia, aliyepanda ulingoni mara moja tu ujanani akalala raundi ya kwanza, na mimi fundi viatu. Kahawa anatuuzia jamaa tunayemwita Birika. Tuna wajibu mmoja tu hapa mtaani. Mtu akitoka dukani kwake hasumbuki na kufuli. Anapaza sauti, "Jamani, nawaachia mlango!" nasi tunajibu, "Nenda, tupo."

Jumanne Mama Dobi alisema hivyo, tukajibu hivyo, akaenda kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni. Haikupita nusu saa wakaja vijana wawili wenye ovaroli za buluu na gari dogo la mizigo. Mmoja akatupigia mluzi: "Wazee, tupeni mkono, mashine inakwenda kwa fundi." Tukawapa mkono. Sote wanne. Bondia ndiye aliyehesabu moja, mbili, tatu, Profesa akatangulia kuondoa mawe njiani, na kamba nilifunga mimi, tena fundo langu la kiatu, lile lisilofunguka. Walipoondoka Fundi Saa aliwapungia. Mama Dobi aliporudi tulimwambia tuliona vijana wawili, tukadhani mafundi. Habari ya kubeba hatukuitaja, na kituoni hakuna aliyekanyaga kwenda kuandikisha maelezo. Leo ni Ijumaa. Afande amemwambia asipoleta shahidi leo, jalada linafungwa, na amekwenda huko kwa mara ya nne. Sisi tuko hapa tunachambua kesi.

— Tatizo la yule mama ni kile kitasa, Bondia akaanza. Kitasa gani kile? Hata paka anafungua.

— Lakini si aliwaachia ninyi mlango? Birika akauliza. Jumanne hakuwapo, alikuwa na homa.

— Birika, mimina kahawa, Fundi Saa akamwambia.

Birika akamimina.

Profesa akakohoa. Akikohoa hivyo ujue redio imesema kitu.

— Jambo hili lina elimu yake, jamani. Tena watu wanalisomea mpaka wanavaa majoho. Zamani wasomi walikuwa wanamsoma mwizi tu: kazaliwa wapi, kalelewaje, babake alikuwa mtu wa namna gani. Siku hizi wanamsoma aliyeibiwa.

— Wamsome yeye kwani kaiba nini? Birika akasema.

— Wajue kwa nini yeye! Mtaa huu una milango arobaini. Kwa nini wa kwake?

Kipindi hicho hata mimi nilikisikiliza. Mama aliyekuwa akihojiwa alisema swali hilo hilo ndilo lililowapoteza wasomi miaka mingi, kwamba mtu anaumizwa mara ya kwanza na mhalifu na mara ya pili na maswali ya watu. Lakini alipofika hapo Profesa alikuwa amekwenda kutafuta sukari. Ningeweza kumsahihisha. Nikaendelea kupiga msumari kwenye kisigino.

— Mimi jibu ninalo, Fundi Saa akasema. Mwendo. Mwizi anaangalia mwendo wako. Kuna mwendo unaosema niguse uone, na kuna mwendo unaosema karibu ndani.

— Wa Mama Dobi unasemaje? Profesa akauliza.

Bondia akainuka kutuonyesha. Akatembea mpaka kwenye mtaro, mabega chini, mkono mmoja kiunoni, akarudi.

— Mnaona? Huo ni mwendo wa kuibiwa kabisa.

— Huo ni mwendo wa mtu aliyebeba mashuka ya vitanda ishirini, Birika akasema. Mbebeshe yeyote.

— Wewe hukuwapo, Birika.

— Sikuwapo nini? Natembea nyuma yake kila asubuhi.

Fundi Saa akavua lenzi yake jichoni. Huyu ni mtu mpole, hana ugomvi na mtu, na labda ndiyo maana maneno yake huniuma kuliko ya wengine.

— Kuna kitu kingine mimi kinanisumbua, akasema. Hakulia.

Tukamgeukia.

— Dada yangu aliibiwa saa ya mkononi tu, akalia siku tatu, mpaka jirani wakaleta uji. Ukimwona unajua huyu kaibiwa. Sasa huyu Mama Dobi karudi, kaona chumba kitupu, kauliza maswali mawili, kapanga ndoo, kaanza kufua kwa mikono. Mtu gani huyo? Afande naye ana macho. Anataka kuona aliyeibiwa anafanana na aliyeibiwa.

— Alikuwa na mashuka ya watu yanayotakiwa kesho yake, nikasema.

— Angelia huku anafua.

— Na ana binti yake chuoni, anamtegemea.

— Ndiyo, fundi, lakini chozi moja tu! Lingemsaidia pale kituoni.

Nikaitazama mikono yangu. Mikono ya Mama Dobi niliiona jana. Vifundo vimechubuka, ngozi imekuwa nyeupe kwa sabuni, na bado aliniuliza kama mguu wangu umepona. Nilimjibu umepona, nikainama kwenye kiatu.

— Mnapoteza muda, Bondia akasema, akijishika kiuno. Mimi nawaambieni ukweli na mtacheka. Ile mashine ilitaka kuondoka yenyewe.

Tukacheka.

— Chekeni! Ilipokuwa inakamua, si ilikuwa inatembea? Kila siku inasogea kuelekea mlangoni, na yule mama anairudisha kwa goti. Miaka sita anairudisha. Kitu kikishataka kwenda kimekwenda. Wale vijana walimalizia safari tu.

— Kwa hiyo hakuna mwizi, Birika akasema.

— Mwizi yupo. Lakini kosa ni la mashine asilimia sitini.

— Na Mama Dobi?

— Thelathini. Kwa kitasa.

— Bado kumi.

Bondia akanywa kahawa yake bila haraka.

— Kumi ni za hali ya hewa, akasema.

Profesa alikuwa amefumba macho muda wote huo, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alipoyafumbua nilijua tumeshafika pabaya.

— Jamani, hatujajiuliza jambo kubwa. Watu wazima wanne, wenye akili zao. Mmoja karani wa maktaba miaka thelathini. Tukaitwa kwa mluzi, tukaenda. Hivi kweli ni sisi wale?

— Enhe, Fundi Saa akasema, akasogea.

— Tulipuliziwa kitu. Lazima. Ile ovaroli ilikuwa na harufu.

— Ilikuwa na harufu! Bondia akadakia. Mimi niliisikia, nikasema ni grisi.

— Haikuwa grisi. Ni dawa. Ukiivuta unakuwa mtiifu. Sasa fuateni hesabu yangu. Mtu akichukuliwa mashine yake bila ridhaa ni nani?

— Ameathirika, tukasema.

— Na mtu akichukuliwa nguvu zake bila ridhaa?

Fundi Saa akafungua kinywa, akakifunga, kisha akasema polepole, kama aliyeletewa zawadi:

— Ameathirika pia.

— Basi! Mama Dobi kaibiwa chuma. Sisi tumeibiwa nafsi. Tena sisi tuko wanne, yeye yuko mmoja.

— Na mimi mgongo tangu Jumanne haulali, Bondia akasema. Nani amekuja kunipa pole? Hakuna.

— Pole, ndugu yangu, Fundi Saa akamwambia, na alimaanisha.

— Asante. Walau wewe.

Nitasema wazi nilivyojisikia, maana aibu yake ninayo mpaka sasa. Nilifarijika. Kwa muda wa kama dakika mbili hivi niliamini kabisa kwamba nilipuliziwa, kwamba fundo lile lilifungwa na mtu mwingine kwa vidole vyangu. Nikasema hata mimi kichwa kiliniuma Jumanne jioni. Profesa akaitikia kwa kichwa kama daktari. Tukaanza kujadili kama inafaa twende kituoni sisi wenyewe, kwa kesi yetu, na nani awe msemaji.

Birika peke yake hakuchangia. Alikuwa anafuta vikombe.

— Mkienda, akauliza, mtasema mlifanya nini?

— Tutasema tulifanyiwa nini, Profesa akamrekebisha.

Hapo ndipo Mama Dobi alipotokea kwenye kona, mwendo ule ule, ila hakuwa na mzigo. Hakwenda chumbani kwake. Alivuka barabara akaja moja kwa moja kwetu. Bondia akampisha nafasi, Fundi Saa akapangusa mbao kwa kitambaa chake cha saa.

— Pole sana, mama.

— Pole, dada yetu.

— Pole mno.

— Nimeshapoa, kaka zangu. Asanteni.

Alikaa. Birika akampa kikombe, akakishika kwa viganja, maana vidole havikukunjika vizuri. Hakuna aliyetaka kuuliza, kwa hiyo akaanza mwenyewe, taratibu, kama anayeeleza njia ya kwenda mahali.

— Yule afande si mtu mbaya. Kaniuliza tena kwa nini sikufunga. Nikamwambia kwetu tunaachiana milango. Kaniuliza kama nina ugomvi na ndugu. Nikasema sina. Kaniuliza kwa nini silii. Nikamwambia, mwanangu, nikilia nani atafua? Akaandika.

Fundi Saa akarudisha lenzi jichoni ingawa hakuwa na saa mkononi.

— Halafu akaniambia kilichomkwaza. Ile mashine ilikuwa ya hospitali. Ndani ina zege. Siku inaletwa waliishusha watu sita, mnakumbuka. Akasema, "Mama, watu wawili hawanyanyui mashine hiyo hata kwa dua. Unasema walikuwa wawili. Kwa hiyo ama unadanganya, ama umeitoa mwenyewe na ndugu zako mkaificha." Sasa anaandika kwamba mimi ndiye niliyeiba. Nimejiibia mwenyewe.

Akanywa kidogo. Hakuonekana na hasira, na hilo ndilo lililotushinda, kwa sababu hasira tungeijibu.

— Mimi sikuwapo, akasema. Ninyi mlikuwapo. Kwa hiyo nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, ili nikamjibu. Walikuwa watu wangapi?

Gari la maji likapita. Tukalisindikiza kwa macho mpaka likakata kona, ingawa gari la maji hupita kila siku.

— Unajua, mama, Profesa akasema, idadi ni jambo ambalo kitaalamu...

Akaishia hapo. Sijawahi kumsikia Profesa akiacha sentensi katikati. Bondia alikuwa amejishika kiuno, akagundua amejishika kiuno, akashusha mkono.

— Hamkuhesabu? Mama Dobi akauliza. Alitutazama mmoja mmoja, bila kututuhumu, kama anavyotazama nguo kabla ya kuitumbukiza majini, kuona doa liko wapi.

Sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka tu kuinama kwenye kiatu ambacho nilishakimaliza tangu asubuhi.

— Sita, nikasema. Wawili siwajui. Wengine wanne ndio hawa uliokaa nao. Walituambia inakwenda kwa fundi, tukaamini, hatukukupigia hata simu. Kamba nilifunga mimi.

Birika akaweka vikombe chini. Mama Dobi alimtazama Bondia, akatazama mbao za benchi, akanitazama mimi tena. Nilitamani anitukane. Nina hakika sote tulitamani.

— Siku nne, akasema mwishowe. Nimeulizwa maswali siku nne.

— Tulipuliziwa kitu, mama, Fundi Saa akasema kwa sauti ndogo. Wale vijana...

— Sawa, kaka. Mkamwambie na hilo.

Akamalizia kahawa, akamrudishia Birika kikombe kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akasimama, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni.

— Basi mashahidi ninao, akasema. Afande anatoka saa kumi, na sasa ni saa tisa kasoro. Twendeni.

— Mgongo wangu, Bondia akasema.

— Saa ya mtu hii, naifunga kwanza, naja, Fundi Saa akasema, akainamia kimeza kitupu.

Profesa akasema lingekuwa jambo la busara kwanza tupatane tutakavyolieleza.

Mama Dobi alikuwa ameshavuka barabara. Alipofika ng'ambo akageuka, akaona yuko peke yake.

— Jamani, twendeni, akasema tena, kwa upole ule ule.

Wale vijana wa ovaroli walituita mara moja tu, na tuliinuka sote wanne. Yeye alituita mara mbili, kwa heshima, akasimama juani akitusubiri, na hata mimi niliyesema ukweli nilikuwa bado nimekaa.