Bi. Biubwa Zahoro na Maji ya Udongo Mweupe

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Biubwa Zahoro atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika kampuni yetu ya Shamsi Kaolini, na siku hiyo hiyo atastaafu. Walioajiriwa pamoja naye wameshaondoka wote. Sisi tuliobaki tumefundishwa kazi naye, au na mtu aliyefundishwa naye.

Alianzia machimboni Kisarawe, sehemu ya kuoshea udongo. Siku hizo mashine ya kukamua tope ilikuwa haijaja. Kinamama walianika mabonge ya kaolini, yaani huo udongo mweupe, juani, juu ya mabati, wakayageuza kwa mikono. Jioni walitoka weupe kuanzia nywele hadi kandambili, na pale stendi makonda waliwapokea kwa kelele: "Maharusi wa Shamsi hao, wapisheni!" Bi. Biubwa hupenda kukumbusha kwamba wapo wenzake wawili waliopata waume kwa utani huo.

Udongo wetu huishia kwenye vigae, rangi, karatasi na vyombo vya nyumbani, na yeye hakuweza kulisahau hilo hata akiwa mgeni wa watu. Kwenye harusi moja ya Mlandizi aligeuza sahani kabla ya kupakuliwa pilau, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, kisha akawatangazia waliokaa naye mkekani: "Udongo huu si wetu, lakini umeoshwa vizuri." Wenye harusi walidhani anatafuta uchafu. Ilibidi mumewe, marehemu Mzee Shabani, aombe radhi.

Waajiriwa wapya aliwapeleka kwanza shimoni, si ofisini. Aliwaonyesha jinsi katapila linavyochota lori zima la mwamba, kisha baada ya kuoshwa sehemu kubwa inabaki mchanga wa kutupa. Aliwaonyesha dizeli inayonywewa na pampu. Halafu alisema maneno ambayo kila mmoja wetu anayakumbuka: "Sahani moja imekunywa maji mengi kuliko mchuzi wote utakaotiwa humo."

Hayo maneno yalimgharimu mwaka ule vuli ilipokosekana. Mgodi mkubwa wa nchi ya mbali ulikuwa umefurika na kufungwa, viwanda vya vigae vikakosa udongo, na mnunuzi mmoja wa ng'ambo akatugeukia sisi. Hatukuwahi kupata oda kubwa namna ile. Kampuni ikaongeza shifti ya pili na kuchukua vibarua wengi, mmoja wao Saburi, mdogo wake Bi. Biubwa wa tumbo moja, aliyekuwa ndiyo kwanza anainua msingi wa nyumba yake kule Picha ya Ndege, Kibaha. Pampu za kisima chetu kirefu zikawa hazizimwi.

Asubuhi moja kinamama wa kitongoji cha Mkongeni, jirani na machimbo, walifika getini na ndoo tupu. Mbele yao alikuwa Mwamvita, aliyekulia nyumba ya pili kutoka kwa kina Biubwa. Mlinzi akawazuia. Bi. Biubwa alipotoka, Mwamvita hakumsalimia.

"Kisima chetu kinatoa tope, dada," alisema. "Nyie humu mnaosha udongo. Sisi wenzenu tunashindwa hata kuosha mchele."

Bi. Biubwa alikwenda moja kwa moja kwa meneja wetu wa wakati huo, Mhandisi Godbless.

"Mama, meli inasubiri," Godbless alimjibu. "Tukichelewa hawa wanahamia kwingine."

"Wahame, mwanangu. Udongo hauozi, tutauza mwakani. Mkongeni wakihama kwa kiu, hawarudi."

Godbless hakukubali. Bi. Biubwa akarudi sehemu yake, akazima pampu moja, akavuta bomba hadi getini na kuwajazia watu ndoo zao. Mchana huo huo akasimamishwa kazi. Aliondoka akijifuta vumbi kwa ncha ya kanga, na sisi tuliokuwa pale tulitazama chini.

Hakukaa nyumbani sana. Wiki iliyofuata pampu zilizobaki zilianza kuvuta upepo badala ya maji. Godbless alisimama juu ya kisima akisikiliza zile pampu zikikohoa, halafu akachukua gari hadi kwa Bi. Biubwa. Tunamsifu Godbless kwa hilo, maana wapo wakubwa wengi ambao wangetuma mtu. Alimrudisha kazini, akaenda makao makuu kupigania mabwawa ya kutuamisha tope, ili maji yaleyale yaoshe tena na tena. Shifti ya pili ikafutwa. Bomba la Mkongeni likawekwa la kudumu, na lipo mpaka leo.

Ile oda ikatuponyoka. Mnunuzi alipata udongo nchi nyingine, na hatukusikia kama huko nako kulikuwa na Mwamvita wao. Vibarua wa shifti ya pili waliachishwa wote.

Saburi alimfuata dada yake uani, mbele ya watu. "Umewapa watu maji," alimwambia, "mimi umeninyima unga." Akauza kiwanja chake na msingi wake, akahamia Mlandizi na familia.

Miaka mingi ikapita hivyo. Msibani walisalimiana kwa kichwa tu. Kila Idd Bi. Biubwa alipeleka chakula Mlandizi; Shamsia, mke wa Saburi, alikipokea kwa heshima zote, na kila mara Saburi alikuwa ametoka. Kazini hakulalamika. Ila tulijua Idd imepita kwa jinsi alivyokuwa kimya Jumatatu yake.

Baadaye viwanda vya humu humu nchini vilianza kununua udongo wetu, kidogo kidogo lakini bila kukatika, na kampuni ikafungua ghala Kibaha. Bi. Biubwa akaletwa kulisimamia. Hapo ndipo mimi nilipomjua vizuri: sauti yake ikitangulia mwili, chai yake ya tangawizi ambayo madereva waliitaka kabla ya kupakia, na ugomvi wake na yeyote aliyepasua kiroba. "Hujui maji yaliyomo humo!" alifoka.

Siku moja lori la kukodi liliingia ghalani na dereva akashuka. Alikuwa Saburi, mvi zimemjaa. Wapakiaji waliojua habari zao waliacha kazi. Saburi alisimama kando ya mlango wa lori, funguo mkononi, kama mtu asiyejua aanzie wapi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Bi. Biubwa alijibu. "Umekonda. Umekula?"

"Bado."

"Njoo ule. Lori litasubiri."

Walikaa nyuma ya ghala mpaka alasiri. Hatukusikia waliyozungumza, na hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza kuhusu mzigo.

Wiki iliyopita nilimuuliza Bi. Biubwa kama siku zingerudi nyuma angeizima tena ile pampu. Hakufikiri sana. "Ningeizima," alisema. "Ila ningekwenda kwanza kwa Saburi nimwambie mwenyewe, kabla hajayasikia kwa watu."

Bi. Biubwa, unarudi Mkongeni kwenye mihogo na minanasi yako, na ghala hili litakuwa kimya kupita kiasi. Asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutufundisha kazi hiyo inamla nani. Mungu akupe afya, jioni ndefu, na wageni wa kutosha pale uani. Tukija, tutakuja na sahani zetu, uzigonge mwenyewe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako,
Ipyana, Ufungashaji, Ghala la Kibaha