Febronia Mughwai Alute, Muuguzi Aliyeanza na Aliyenyamaza

Dada yetu Febronia alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 kijijini Mgori, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eliya Mughwai na marehemu mama Dina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Singida mjini, na mwaka 1986 alihitimu uuguzi. Mimi Chediel, mdogo wake tulioachiana ziwa, ndimi niliyekuwa mgonjwa wake wa kwanza, tukiwa bado watoto. Alinifunga kidole kisichokuwa na kidonda chochote, akanikataza kukitumia siku mbili.

Tarehe 2 Septemba 1989 alifunga ndoa na Bwana Gervas Alute wa Kintinku, wakajaliwa watoto watatu.

Alifanya kazi miaka thelathini na minane, mingi katika wodi za watu wazima: wa presha, wa kisukari, wa homa ya mapafu, na waliotoka kupasuliwa. Mwaka 1996 lilitokea jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisomwe siku ya leo. Baba mkwe wake, mzee Alute, alifika wodini na kidonda cha mguu, akaita, "Mkamwana!" Kwa desturi, mkwe hapitwi. Febronia akamsalimu, akamwosha na kumfunga kidonda taratibu. Kitanda cha pembeni alilala Bwana Paskali, aliyepasuliwa ngiri asubuhi ile. Alikuwa ameomba maji mara mbili, kisha akanyamaza. Febronia alipomfikia, shuka lilikuwa limelowa damu na mapigo yanakimbia. Alirudishwa chumba cha upasuaji, lakini hakufika jioni.

Febronia alikwenda mwenyewe kwa familia ya Paskali akawaambia, "Nilimhudumia mkwe kwanza."

Tangu hapo aliwafundisha wauguzi wapya kuangalia kwanza pumzi, kisha damu, kisha fahamu. Kutandika vitanda baadaye. "Anayelia anapumua," alisema. "Nionyesheni aliyenyamaza." Wazee aliwapita akisema, "Shikamoo baba, nakuja." Mzee Alute alinuna mwaka mzima: "Mkamwana gani huyu, ananipita kama kigingi cha mbuzi?" Baadaye yeye ndiye aliyewatuliza wagonjwa wenzake: "Akikupita, mshukuru Mungu. Hujazidiwa."

Alistaafu mwaka 2024, akatulia Mitundu na kuku wake. Kisukari alikuwa nacho tangu 2015, na dawa hakuwahi kuruka.

Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, wazee wa Kintinku walikuja nyumbani kupanga sherehe ya harusi ya Ritha, binti yake wa mwisho. Dada aliketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, jasho linamtoka, hasemi kitu. Nilimwona. Nikajisemea amechoka, nikapeleka chai kwa wazee. Ritha alipompelekea kikombe chake, mkono haukuweza kukishika. Hospitalini daktari alitueleza kuwa moyo ulikuwa umepata shambulio, na kwamba kwa mwenye kisukari linaweza kuja bila maumivu.

Jumatatu alipata nafuu kidogo, nikamwomba msamaha.

"Ulimpa nani kwanza?" akaniuliza.

"Wazee, dada."

Akanishika mkono. "Basi sasa unajua nilichokibeba. Usikae nacho tu, Chediel. Kitumie."

Alifariki Jumatano tarehe 10 Septemba, saa nne asubuhi. Naumia, na sitaficha mbele yenu.

Ameacha mume, Bwana Gervas, watoto Jenipher, Gerald na Ritha, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake.

Wazee wetu, shikamooni. Leo chakula kitachelewa kidogo kuwafikia. Jenipher na Gerald watapita kwanza kwa wale waliokaa kimya, wawaulize hali.

Lala kwa amani, dada. Zamu tumeipokea.