Riang Makuei na Ukuta wa Mita Ishirini

Ndugu, jamaa na majirani wa Nyakuron, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Riang Makuei Pal, nayo yanasomwa kama yalivyokuwa, pamoja na hofu yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1979 huko Nasir, mtoto wa kwanza wa Mzee Makuei Pal na Mama Nyagai. Mwezi Mei 1991, familia ikikimbia vita, alivuka mto uliofurika akiwa amemshika mkono dada yake Nyaduoth, mwenye miaka sita, na katikati ya maji mkono ule ukamponyoka, msichana hakuonekana tena. Tangu siku hiyo marehemu aliogopa mto kuliko risasi.

Alisoma shule ya msingi katika kambi ya Kakuma, 1992 hadi 1998, na sekondari Kitale hadi 2002, kisha akaajiriwa kutunza bwawa la hoteli moja Nairobi, na humo akathubutu kujifunza kuogelea, maana bwawani aliiona sakafu. Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na Kerubo, karani wa benki, na Machi 2007 wakahamia Juba, yeye akawa mwalimu wa kuogelea katika hoteli yenye bwawa la mita ishirini. Tarehe 9 Juni 2008 walijaliwa binti, akaitwa Nyaduoth, na baba yake hakumwacha peke yake hata na beseni la maji.

Jina hilo ndilo lililomsukuma. Alimwambia Kerubo kwamba hawezi kulea mtoto wa jina lile huku anaukimbia mto, akajiandikisha kwa mashindano ya kuogelea kuvuka Nile. Kila asubuhi alikata bwawa mara hamsini, nusu ya chini ya miwani yake ameipaka rangi nyeusi ili maji yawe giza kama ya mtoni, akiinua kichwa kila baada ya mapigo sita ya mikono kulitazama jerikani la njano aliloliweka Kerubo ukingoni.

Jumamosi tarehe 12 Desemba 2009 aliingia mtoni, akaogelea mita ishirini, na mwili, kwa mazoea ya bwawa, ukageuka kujisukuma kwenye ukuta usiokuwepo, miguu ikapiga maji matupu, hofu ikamkaba, mashua ikamtoa. Watu wa mtaa wa Buluk, hapa Juba, walimtania kwamba alirudi kuchukua soksi, akacheka nao, alipofika nyumbani akalia. Mwaka uliofuata Kerubo alimfungia kamba ya kukatisha bwawa mita moja kabla ya ukuta, kila upande, akawa anageukia hapo bila kugusa chochote.

Mashindano ya pili ni Jumamosi hii, tarehe 18 Desemba. Jumatatu tarehe 6 alishikwa na malaria, ikampanda kichwani, akalazwa, na katika homa akadhani yuko mtoni, akihesabu mapigo kwa sauti na kumwita dada yake, nasi tuliokuwepo tukaogopa pamoja naye. Jumapili tarehe 12, saa nane mchana, alinyoosha mkono kuutafuta ukuta alioacha kuugusa mwaka mzima, Kerubo akampa mkono wake, akaushika, na haukumponyoka mpaka alipokata roho.

Marehemu ameacha mjane na binti mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa hotelini, ambao leo wamelifunga bwawa na kuiacha kamba palepale.

Riang, umegusa ukuta, pumzika kwa amani.