Yangeyange wa Mama Trei

Pale Marani, ukishapita maduka ya mbegu, kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukutani kwa fundi viatu. Jibril huweka hapo birika lake la kahawa ya tangawizi, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa Spika ashafungua kikao. Jina lake hasa ni Nyamongo, lakini mdomo wake haujui likizo. Kando yake hukaa Joash, aliyewahi kuuza dawa za ng'ombe kwa miezi michache, wakambandika Dokta. Mwanamke pekee mwenye nafasi yake pale ni Bathsheba, Mama Trei, kwa sababu mayai ya hoteli zote za senta hutoka bandani kwake. Jumatatu hiyo alikuja mikono mitupu.

Kuku wake walikuwa wanakufa. Alieleza: vishungi vimegeuka zambarau, vichwa vimevimba, jioni wanakula, asubuhi wamelala chali. Nusu ya banda imekwenda. Alimpigia simu afisa wa mifugo, akaambiwa huenda ni homa ya ndege, asiuze kitu, asiguse mizoga mikono mitupu, yeye atafika kesho.

— Kesho, alisema Bathsheba. Kuku zangu zinajua kesho?

Benchi likapata kazi. Dokta alidai ni chakula cha magunia, kwamba kampuni hutia kitu ili kuku wafe na watu wakanunue vifaranga upya. Spika aliikataa hoja hiyo kwa kuwa ilikuwa ndogo mno. Kwake yeye ni mlingoti wa simu uliosimamishwa kilimani. Unachemsha damu ya kuku kwa vile kuku hutembea peku. Jibril akauliza mbona mbuzi nao hutembea peku na ni wazima. Spika akauacha mlingoti, akainua macho.

— Ni hizo, alisema.

Nyuma ya maduka, shambani kwa Bathsheba, mkaratusi mkubwa ulikuwa mweupe kwa yangeyange, wale ndege wanaofuata ng'ombe malishoni. Walikuwa wamezidi, na mavi yao yaliangukia vyombo vya maji vya kuku. Siku hizo baadhi yao walionekana chini ya mti, wamekufa.

— Wazee walisema, aliendelea Spika, mwenda tezi na omo marejeo ni Ngamani. Hizo ndege zinatoka huko Ngamani. Huko ndiko ugonjwa ilianzia.

— Ngamani ni nchi gani? aliuliza Dokta.

— Iko juu ya Misri.

Hakuna aliyecheka, maana Bathsheba alikuwa ameshasimama. Spika, aliyeigeuza ngama ya jahazi kuwa nchi, alikuwa amepotea njia nzima na bado akaangukia karibu na ukweli, kwani homa hiyo kweli huletwa na ndege wa porini.

— Hiyo mti ni yangu, alisema Bathsheba. Leo inaanguka.

— Mama Trei, ngoja basi huyo mtu wa mifugo, Jibril alimwambia.

— Nimengoja nikizika.

Spika alimjua mtu mwenye msumeno wa injini. Alasiri mkaratusi ulilala. Yangeyange waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka wakilia, kisha wakakatika makundi makundi: wengine bondeni, wengine ng'ambo ya mto, wengine juu ya mapaa ya watu. Wanaume walipiga makofi. Bathsheba alihisi ile hasira imepata pa kushika, hadi alipoona makinda yametapakaa kwenye matawi, mengine yakihema. Alirudi nyumbani bila kumuaga mtu.

Kesho yake afisa wa mifugo alifika kama alivyoahidi, mwanamke mtulivu aitwaye Roda. Alichukua vipimo, akasimamia kuku kufukiwa na banda kupuliziwa dawa, akabadilisha nguo na viatu. Bathsheba alipomwonyesha kisiki, wanabenchi walikuwa wamekwisha kujikusanya pale kutazama.

— Ndege waliokuwa juu ya huu mti, aliuliza Roda, sasa wako wapi?

Hakulaumu. Alitaka kujua aanzie wapi. Dokta alionyesha bondeni. Spika akaonyesha ng'ambo ya mto.

— Jana mlijua mpaka Ngamani, alisema Bathsheba. Leo hakuna anayejua. Na mimi mwenyewe ndiye niliwasikiza.

Akamwuliza Roda watu wafanye nini. Roda alieleza: kuku wafungiwe ndani, maji yao yafunikwe, ndege aliyekufa asishikwe na mtu, watoto hasa, na anayetoka banda lenye ugonjwa asiingie boma la mwenzake.

— Spika, wewe una mdomo, alisema Bathsheba. Shika njia ya mtoni, kila lango. Sema hivyo alivyosema, usiongeze neno. Dokta, nenda upande wa shule, na usimpe mtu dawa.

Waliinuka bila ubishi. Jibril, aliyekuja na birika lake, alimwaga kahawa iliyobaki, naye akaenda.

Bathsheba alikuwa na nusu ya jibu la swali la Roda, nayo ilimchoma. Jana aliwaona yangeyange wakitua juu ya paa la Kemuma, mwanamke anayegombania naye wateja wa mayai, akanyamaza. Sasa alikwenda huko mbiombio, akasimama nje ya lango. Kemuma alikuwa anatupa mahindi uani. Katikati ya kuku wake walisimama yangeyange watatu, mmoja ameinamisha shingo.

— Kemuma, kabla hujanisalimia, fungia hizo kuku.

Kemuma alimtazama, mkono bado umejaa mahindi.

— Nani amekutuma kwangu?

Bathsheba alishika nguzo ya lango, akaanza kumweleza habari ya mti.