Idadi Ambayo Mwalimu Yusta Hakuiuliza

Mwalimu Yusta Abeli hakuvumilia maelezo yasiyo na tarehe, basi tusimuudhi leo. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika kata ya Zombo, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Abeli Danieli, katekista na mkulima wa mlimani, na marehemu Mama Fausta.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Zombo kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari Morogoro mjini. Mwaka 1991 alihitimu stashahada ya ualimu katika hisabati na uchumi. Mama yake alisimulia kwamba akitumwa maharage gulioni, Yusta alirudi na bei za wauzaji wote, na maharage ameyasahau.

Aliajiriwa Januari 1992, akafundisha Dumila, na kuanzia 2006 akahamia sekondari hapa Mikumi. Kila mwaka wanafunzi wake wa kidato cha tatu walichukua swali moja lililowasumbua viongozi wa kata, wakakusanya takwimu kwa baiskeli na kwa miguu, wakachora grafu kubwa ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa.

Mwaka 2022 swali lilikuwa hili: lambo la kunyweshea mifugo likichimbwa moja tu, lichimbwe wapi? Wanafunzi waliuliza kila kaya ina mifugo mingapi. Kwenye grafu, nguzo za vitongoji vya wakulima zilisimama ndefu. Nguzo ya wafugaji wa tambarare haikufika hata kiganja. Mwalimu aliibandika ofisi ya kata kwa fahari, na kamati ya kata ikaanza kuegemea upande wa wakulima.

Siku ya tatu, mwanafunzi wake Nalepo, mtoto wa wafugaji wa tambarare, alimfuata ofisini.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mbona uso umekunjamana?”

“Ile grafu si kweli. Baba hana ng’ombe kumi na wawili tu. Kwetu mtu hamtajii mgeni idadi ya ng’ombe wake, ni kujitakia mkosi. Alitaja idadi ndogo ili wenzangu waondoke na heshima yao.”

Mwalimu Yusta alikiri baadaye kwamba alikasirika, tena sana. Kisha akasema, “Baba yako hana kosa. Sisi ndio tuliouliza vibaya.”

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye boma la Mzee Ntutu, baba yake Nalepo. Hakuuliza idadi. Aliuliza mifugo inatembea muda gani kufuata maji.

“Hilo nakujibu,” alisema Mzee Ntutu. “Tena njoo utembee nasi.”

Akatembea, na miaka yake hamsini na minne, wanafunzi nyuma yake. Saa sita kwenda na kurudi, na njia ikikatiza mashamba ya wakulima walewale waliolalamika kila msimu. Grafu mpya ikachorwa kwa saa za kutembea, na safari hii nguzo ya tambarare ilizipita zote.

Kwenye mkutano wa kata alisimama mbele ya watu akaibandua grafu ya kwanza kwa mikono yake. Mjumbe mmoja alimnong’oneza, “Mwalimu, watakucheka.”

“Wacheke,” alijibu. “Lambo likikosewa mahali, hakuna wa kulihamisha.”

Lambo lilichimbwa tambarare mwaka 2023. Tangu hapo mifugo haipiti tena mashambani.

Alifunga ndoa na Mzee Herman Gabrieli tarehe 17 Desemba 1994, katika kanisa la Anglikana Kilosa. Kabla ya kukubali posa alimwuliza maswali kumi na kuandika majibu. Mzee Herman husema mpaka leo kwamba alifaulu kwa huruma ya msahihishaji.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, akawa anakwenda Morogoro kusafishwa damu. Alijichorea grafu ya presha yake, na daktari akikosea tarehe, alimsahihisha papo hapo. Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa kumi alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Inatuuma, wala hatufichi.

Ameacha mume, watoto wawili, Marko na Editha, wajukuu wawili, mdogo wake Rebeka, na wanafunzi ambao yeye peke yake ndiye angeweza kuwahesabu.

Juzi Mzee Ntutu alifika msibani kwa miguu, akamwita Mzee Herman pembeni. “Mwalimu aliheshimu zizi langu, hakuniuliza,” alisema. “Sasa idadi nakupa wewe, mpelekee.” Akamtajia sikioni.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, Mzee Herman aliinama akamnong’oneza mkewe. Idadi yenyewe hajatuambia, nasi hatujamwuliza.

Nenda nayo, Mwalimu, ukapumzike kwa amani.