Kidole cha Fundi na Kopo la Dawa

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibaraza anachoshonea Fundi. Kushoto ni kwa Kinyozi, kulia yuko Muuza Kahawa na jiko lake la mkaa, na katikati tunakaa sisi ambao saa nne asubuhi hatuna haraka ya kwenda popote. Kwenye dirisha la Fundi kuna kopo lililowahi kuwa na maziwa ya unga. Humo tunatia dawa zinazobaki majumbani. Mtu akipewa dozi ya siku saba, siku ya tatu akajisikia nafuu, anakata kwa mkasi wa Fundi kipande cha pakiti chenye vidonge vilivyosalia na kukileta, ili mwenzake akiugua asihangaike. Nadhani jambo hili lilianza kwa huruma. Mimi mwenyewe nimechangia mara mbili.

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Siku sita nyuma sindano ilimpitia Fundi kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kikavimba, na sasa alikuwa amekizungushia kipande cha bitana. Sare za shule zilikuwa zimerundikana kando yake, zimekatwa na hazijaungwa. Kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa. Bila hicho, alituambia, yeye ni mtu aliyekaa tu karibu na cherehani.

Tangu kidole kianze kuuma alikuwa akinywa tunachomchagulia. Siku ya kwanza alichagua Kinyozi: kapsuli za rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Kinyozi anaamini kwamba upande mwekundu huingia kwenye damu na mweusi hushughulika na nyama. Kwa siku mbili maumivu yalipungua, Kinyozi akatembea kama daktari mkuu. Yaliporudi, zamu ikachukuliwa na Profesa, mtunza stoo mstaafu tuliyempa jina hilo kwa sababu husoma hadi karatasi za kufungia vitumbua.

Profesa alisema kosa liko wazi: tulimpa mdudu wa kidonda dawa moja, akaizoea. Inatakiwa kumchanganya. Unampa kidonge cha njano asubuhi, cheupe mchana, cha rangi mbili jioni, hajui akimbilie wapi.

— Kwani mdudu anaona rangi? — Muuza Kahawa akauliza, akimimina.

— Haoni. Anahisi, — Profesa akajibu kwa utulivu, na tukakubali, maana jinsi alivyolisema ilikuwa na uzito.

Kinyozi hakutaka kushindwa. Akadai kwamba dawa ikimezwa inazunguka mwili mzima kumtafuta mdudu, kumbe mdudu yuko kidoleni. Kapsuli ifunguliwe, unga umwagwe palepale. Muuza Kahawa akaongeza kuwa unga huo ukorogwe kwenye kahawa ya moto sana, kwani wadudu hawa ni wa baridi. Profesa akafikiri kidogo, akasema kahawa sawa, ila iwe saa sita kamili, muda ambao mdudu amelala. Hapo hata Fundi alicheka, kisha akaushika mkono wake.

Wakati huo alifika mama mmoja kuchukua suruali ya mwanawe. Hatukuwa tunamfahamu, ila vazi lake la kazini lilikuwa na nembo ya hospitali ya mkoa. Alituambia yeye huosha vyombo maabara. Fundi akamwomba radhi kwa kuchelewesha, akamwonyesha kidole kama ushahidi.

— Nifungulie nione, baba.

Alipokifungua, sote tuliinama. Nimekaa na Fundi benchi moja siku sita, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona. Kilikuwa kinang'aa kama nyanya iliyoiva mno. Kutoka hapo mstari mwembamba mwekundu ulipita kiganjani, ukapanda kwenye kifundo cha mkono na kuingia chini ya shati. Yule mama akalikunja shati taratibu. Mstari ulikuwa umekaribia kiwiko.

— Ndiyo maana jana nilitetemeka, — Fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

— Huu haungoji kesho. Twende sasa hivi, mimi narudi kazini.

Kinyozi, kwa nia njema kabisa, akashusha kopo na kuuliza kama kuna moja kali ya kumshikiza njiani. Yule mama hakukasirika. Alitueleza kwamba pale kwao usaha wa kidonda ukichukuliwa huoteshwa kwenye visahani, ukawekewa dawa mbalimbali, kesho yake au keshokutwa wakaona ipi imemuua mdudu na ipi amekaa nayo kama jirani. Anaviosha visahani hivyo kila siku. Kuna vingine, alisema, mdudu ameenea kote, dawa tano zimezungukwa. Ila daktari huwa hangoji kisahani ndipo aanze kutibu. Huanza kwa kumuuliza mgonjwa.

Akamgeukia Fundi, kisha sisi.

— Kwa hiyo akiuliza, baba umekunywa dawa gani siku hizi sita, tunamjibu nini?

Profesa akavaa miwani. Kinyozi akamimina kopo lote juu ya benchi. Vilikuwa vipande vya pakiti vilivyokatwa kwa mkasi, kimoja kimesalia na herufi tatu za jina, kingine hakina hata moja. Kapsuli nyekundu na nyeusi zilikuwa za aina mbili, kumbe, na Kinyozi hakukumbuka alitoa zipi. Niliona vidonge vinne vya njano na nikajua ni vyangu, ila nilikuwa nimepewa kwa ugonjwa wa mkojo, na jina la dawa sikulishika hata siku ile niliyoandikiwa. Profesa aligeuza kipande kimoja mara tatu akitafuta maandishi, akakirudisha benchini. Muuza Kahawa alikuwa ameshika birika hewani, hamimini.

Fundi ndiye aliyesimama kwanza. Kwa mkono wake mzima alivirudisha vidonge koponi, kimoja kimoja, akafunika.

— Nitamwonyesha lote, — akasema. — Nitamwambia nilizokunywa zimetoka humu.

Wakaondoka, yule mama akiwa mbele kidogo, Fundi ameinua mkono mmoja kifuani na kukumbatia kopo kwa mwingine. Tulimsikia mpaka anakata kona, vidonge vikicheza ndani ya bati kila alipopiga hatua.